Mtoto Aulizaye Hakosi Adabu
(Hotuba kwa wazazi na walimu wa Lanet)



Yuko mtoto anyamazaye darasani mwaka mzima. Sisi humsifu kwamba ana adabu. Lakini mara nyingi kimya kile ni hofu. Siku moja alikosea jibu, wenziwe wakamcheka, na tangu hapo hafungui kinywa. Mwalimu hajui alipokwama mpaka mtihani umfichue, na wakati huo umekwisha pita.

Tazameni jirani zetu wa Njoro, ng'ambo ya mji wa Nakuru. Katika shule ya sekondari ya Keriko, Bwana Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko, alifundisha hesabu na fizikia. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Hata hivyo alianzisha chama cha wanafunzi cha kukuza vipawa, nao wakatengeneza chombo cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Mwaka 2019, huko Dubai, alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni 1.

Walimu, mkisha uliza swali, ngojeni kidogo. Jibu likiwa na kosa, mwulizeni mtoto amelipataje, wala msiruhusu achekwe. Nanyi wazazi, jioni msiulize alama peke yake, ulizeni, "Leo umemwuliza mwalimu nini?" Na mtoto akiwauliza ninyi, msimfukuze.

Wahenga walisema: kuuliza si ujinga.