Uvimbe Chini ya Sikio: Nani Ajuaye Kama ni Kansa?

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Kifaru)



Leo nataka tuzungumze juu ya uvimbe wa tezi za mate. Hauonekani mara kwa mara kama malaria, lakini ukimpata mtu, kuchelewa kunaweza kumgharimu sana.

Hebu kila mmoja ashike mbele ya sikio, ashuke taratibu mpaka kwenye pembe ya taya. Hapo chini ya ngozi pana tezi kubwa ya mate. Tunazo jozi 3 za tezi kubwa: hiyo ya sikioni, ya chini ya taya, na ya chini ya ulimi. Tena kuna mamia ya vitezi vidogo ndani ya mdomo.

Sasa mtu akivimba hapo, nyumbani wanasemaje? "Matubwitubwi hayo!" Mara nyingi ni kweli. Lakini matubwitubwi huja na homa na maumivu, na baada ya wiki 2 hivi yamekwisha. Uvimbe mwingine huletwa na kijiwe kilichoziba mrija wa mate, au kifua kikuu, au virusi vya Ukimwi, ambavyo huweza kuvimbisha pande zote mbili. Na mwingine ni uvimbe wa seli zenyewe za tezi, zinazoongezeka bila mpango. Huo kwa kawaida hauumi. Ndiyo maana watu huupuuza.

Je, uvimbe huo ni kansa? Kwenye tezi ya sikioni, kama 8 kati ya 10 si kansa. Lakini tezi ikiwa ndogo, kama zile za ndani ya mdomo, hatari ya kansa ni kubwa zaidi. Kwa macho tu huwezi kujua. Hata daktari bingwa hawezi.

Basi anajuaje? Kwanza huingiza sindano nyembamba na kuvuta seli chache. Au baada ya upasuaji, kinyama kilichotolewa huwekwa kwenye dawa iitwayo fomalini ili kisioze, kikapelekwa maabara ya patholojia. Kutoka hapa Kifaru, ya karibu ni ile ya Hospitali ya KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Huko kinyama hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi, hupakwa rangi, na kutazamwa kwa hadubini.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Uvimbe unaotokea zaidi, ambao si kansa, ni kama makande: seli za aina mbalimbali zimechanganyika humo. Kuna kansa nayo ina mchanganyiko unaofanana na huo! Hiyo hukua polepole, lakini hutambaa kwa kufuata mishipa ya fahamu. Ukikosea, mgonjwa anatibiwa ugonjwa usio wake.

Nyie mnaijua mifugo. Mbuzi wa wafugazi wawili wakichanganyika kisimani, mnawatenganishaje? Mnatazama chapa. Seli nazo zina chapa, yaani protini. Maabara hutumia kingamwili zinazonata kwenye protini moja tu. Zikinata, rangi ya kahawia inatokea; zisiponata, hakuna rangi. Njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja kwa wingi iligunduliwa mwaka 1975 na Georges Köhler na César Milstein, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Uvimbe ule wa makande mara nyingi huonyesha chapa iitwayo PLAG1. Kansa ile inayotambaa mara nyingi huonyesha MYB. Lakini jamani, shahidi mmoja hatoshi. Chapa moja huweza kuonekana kwenye magonjwa mawili. Kwa hiyo daktari husoma kwanza umbo la seli na mpangilio wake, kisha chapa kadhaa kwa pamoja. Vipimo hivi ni ghali na havipatikani kila hospitali, lakini umbo la seli peke yake huweza kutoa jibu kwa wagonjwa wengi.

Mnaniuliza, sisi inatuhusu nini? Inahusu sana. Kwanza, msikubali uvimbe wa hapo uchanjwe chale au utumbuliwe. Mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso unapita katikati ya tezi hiyo. Ukikatwa, mdomo unakwenda upande na jicho halifumbi. Pili, hata uvimbe usio kansa ukiachwa miaka mingi huweza kugeuka kansa. Tatu, mgonjwa akifanyiwa upasuaji, ulizeni: "Kinyama kimepelekwa maabara?" Kikitupwa, ushahidi wote umetupwa.

Uvimbe ukizidi wiki 3, ukiendelea kukua, ukiwa mgumu, au uso ukianza kufa ganzi au kupinda, nenda zahanati uombe rufaa. Usione haya. Na mzazi au bibi akisema kalogwa, usibishane naye kwa ukali. Mwambie kwa heshima: "Twende tukapime kwanza."

Haya, nani ana swali?