Dagaa wa Maji Baridi: Koo za Samaki Wadogo wa Maziwa na Mito ya Afrika Mashariki

Samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaovuliwa usiku katika maziwa ya Afrika Mashariki na Kati, wakaanikwa mchana na kuuzwa kwa gunia, debe au fungu, hawatoki katika ukoo mmoja. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa jamii ya saradini wa baharini. Dagaa wa Ziwa Victoria, anayeitwa omena Kenya na mukene Uganda, yumo katika kundi la siprinidi pamoja na kuyu na ningu. Ragoge wa Ziwa Albert hana udugu wa karibu na yeyote kati ya hao wawili. Kinachowafananisha ni maisha: wote hukaa katika maji ya wazi, hula viumbe vidogo vinavyoelea viitwavyo planktoni, na hujihami kwa kwenda makundi makundi. Maisha hayo yamewapa wote mwili mwembamba na ubavu unaorudisha mwanga, kiasi cha kumchanganya adui anayewawinda. Hata hivyo ukoo una uzito wake. Namna samaki anavyozaa, umri anaoishi na mahali vifaranga vyake vinapokulia ndivyo vinavyoamua ni kiasi gani kinaweza kuvuliwa bila kumaliza mbegu, na mambo hayo hayalingani kutoka ziwa moja hadi jingine.

Ukoo wa dagaa unaweza kutambuliwa hata kwa samaki aliyekwisha kukaushwa. Akilowekwa kidogo, kisha ukucha ukapitishwa tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani, dagaa wa Kigoma, yaani wa Ziwa Tanganyika, atakwaruza. Katikati ya tumbo lake pana safu ya magamba magumu yaliyochongoka kuelekea nyuma, nayo ni alama ya jamii ya saradini. Tumbo la dagaa wa Mwanza, yaani wa Ziwa Victoria, ni laini. Huyu badala yake ana mstari wa ubavuni unaoshuka chini sana, karibu na tumbo, ilhali mwenzake wa Kigoma hana mstari huo mwilini. Siprinidi wote hawana meno kwenye taya. Meno yao yako kooni, na humo ndimo chakula kinamosagwa. Wana pia vijifupa vinavyounganisha kifuko cha hewa na sikio la ndani, vinavyowawezesha kusikia vizuri kuliko samaki wengi. Ragoge ana meno kwenye taya, na mgongoni karibu na mkia ana pezi dogo la nyama lisilo na miiba, alama ya familia ya alestidi.

Ziwa Tanganyika lina aina mbili za dagaa wa jamii ya saradini, na hazipatikani kiasili katika ziwa jingine lolote. Ya kwanza ni Stolothrissa tanganicae, mwembamba, asiyezidi sana sentimita 10. Ya pili ni Limnothrissa miodon, mnene zaidi, anayeweza kufikia sentimita 17, na ambaye wavuvi wa Kigoma humwita lumbo. Kuwapo kwa jamaa wa saradini katika ziwa lililo mamia ya kilomita kutoka baharini kuliwasumbua wataalamu wa mwanzo. J. E. S. Moore, Mwingereza aliyeongoza misafara miwili ya uchunguzi ziwani humo mwishoni mwa karne ya 19, aliona pia konokono wenye sura ya bahari na yavuyavu wa maji baridi, akafikia rai kwamba Tanganyika lilikuwa mkono wa bahari ya kale. Rai hiyo haikusimama. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba dagaa hawa wametokana na samaki wa baharini walioingia mito ya Afrika Magharibi mamilioni mengi ya miaka iliyopita, wakazoea maji baridi, na uzao wao ukasambaa kupitia bonde la Kongo hadi ziwani.

Maisha ya Stolothrissa ni ya haraka. Aghalabu hamalizi zaidi ya mwaka mmoja na kidogo. Hutaga mayai katikati ya maji, nayo huzama taratibu huku yakiendelea kukua. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, lakini oksijeni haishuki zaidi ya mita 100 hadi 200 hivi. Chini ya hapo hakuna samaki anayeweza kuishi. Yai basi lina muda wa siku moja au mbili tu kuanguliwa kabla ya kufika kwenye maji yaliyokufa. Vifaranga husogea karibu na ufuko, kisha wakikomaa hurudi kwenye maji makuu. Lumbo hufuata njia nyingine: huzaa karibu na pwani ya ziwa, huishi muda mrefu zaidi, na akikua hula hata watoto wa Stolothrissa. Juu ya wote wawili yuko mgebuka, Lates stappersii, anayefuata makundi ya dagaa popote yaendapo. Mavuno ya dagaa na ya migebuka kwa hiyo hayawezi kueleweka yakitenganishwa.

Lumbo amesafirishwa na binadamu mbali na kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alipandwa Ziwa Kivu, ambalo halikuwa na samaki wa kula planktoni katika maji ya wazi, na leo anajulikana huko kwa jina la isambaza. Alileta chakula na kazi kwa watu wa pande zote mbili za ziwa, Rwanda na Kongo. Alileta pia hasara isiyoonekana sokoni: Daphnia, kijidudu kikubwa kuliko vingine katika planktoni ya ziwa hilo, alitoweka baada ya yeye kuingia. Mwaka 1967 na 1968 samaki huyohuyo alipelekwa Kariba, bwawa lililo kati ya Zambia na Zimbabwe, akaanzisha uvuvi mkubwa wa kapenta. Kutoka Kariba aliteremka mwenyewe na maji ya Zambezi mpaka bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Huko Kariba amedumaa. Hukomaa akiwa mdogo sana kuliko ndugu zake wa Tanganyika. Samaki ni mmoja, lakini kipimo cha wavu kinachofaa ziwa moja hakifai jingine.

Dagaa wa Ziwa Victoria, Rastrineobola argentea, alipewa jina la kitaalamu na Mfaransa Jacques Pellegrin mwaka 1904, lakini kwa miongo mingi hakupewa uzito na mamlaka za uvuvi. Ziwa lilisifika kwa sato na kwa furu, ambao walikuwa na spishi zipatazo 500. Sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wametoweka au kubaki wachache mno. Dagaa naye huliwa na sangara, lakini alinusurika na kisha akaongezeka, na ni vyema kueleza kwa nini. Anakomaa mapema, anazaa mwaka mzima, na furu waliokuwa wakishindana naye kwa planktoni walikuwa wameondoka. Watafiti wa Kiholanzi waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza pamoja na wenzao wa Tanzania waliona jambo lililo adimu kushuhudiwa katika umri wa mtafiti mmoja: dagaa alibadilika. Alianza kukomaa akiwa mfupi zaidi, akashuka kwenye tabaka za chini zilizoachwa na furu, na akaongeza wadudu na uduvi wa ziwani katika chakula chake. Mdiria wa mabaka meusi na meupe, ambaye zamani alikula furu, aligeukia dagaa, na kwa kuwa mlo mmoja mmoja ulikuwa mdogo, ilimbidi avue mara nyingi zaidi kujaza tumbo. Leo dagaa ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa Ziwa Victoria.

Dagaa huyu ana pia adui wake wa ndani. Baadhi ya dagaa huonekana wamevimba tumbo, na wakipasuliwa hutoka utepe mweupe bapa, wakati mwingine mrefu kuliko samaki mwenyewe. Huyo ni tegu aitwaye Ligula intestinalis. Hupita kwanza kwa vijidudu vya planktoni, kisha kwa dagaa, na kukomaa ndani ya ndege walao samaki. Dagaa mwenye tegu huyu hushindwa kuzaa, hivyo kuhesabu walioambukizwa ni sehemu ya kukadiria uzao wa ziwa.

Ziwa Nyasa lina usipa, Engraulicypris sardella, naye ni siprinidi. Ni ndugu wa karibu wa dagaa wa Victoria, kiasi kwamba huyo wa Victoria aliwahi kuwekwa katika jenasi moja naye. Usipa hufikia sentimita 13 na huishi takriban mwaka mmoja. Vichanga vyake huelea katika maji ya wazi, na kupona kwao hutegemea sana planktoni ya msimu huo. Ndiyo maana mwaka mmoja usipa hujaa mpaka bei ikaanguka, na mwaka unaofuata huadimika. Kumlaumu mvuvi kwa kila mwaka mbaya wa usipa ni kumwonea.

Ziwa Albert lina samaki wadogo wa koo mbili pamoja: muziri, ambaye ni siprinidi, na ragoge, Brycinus nurse, ambaye ni alestidi. Turkana pia lina siprinidi na alestidi wadogo wa maji ya wazi. Chisense wa Ziwa Mweru, kati ya Zambia na Kongo, ni wa jamii ya saradini kama wale wa Tanganyika.

Mitoni na vinamasini hali ni nyingine kabisa. Humo wametawala siprinidi wadogo wa jenasi Enteromius, wenye spishi zaidi ya 200 barani Afrika, wengi wakiwa na vindevu viwili au vinne pembeni mwa mdomo na madoa au mstari mweusi ubavuni. Biashara yao ni ndogo, lakini elimu wanayotoa ni kubwa. Enteromius neumayeri wa magharibi mwa Uganda huishi katika vijito vyenye maji ya kasi na pia katika vinamasi vya mafunjo ambamo oksijeni karibu haipo. Wale wa vinamasini wana matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa vijito vya karibu.

Samaki wa ajabu kuliko wote hawa ni wa jenasi Nothobranchius, wanaoishi katika madimbwi ya msimu kuanzia mabonde ya pwani ya Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara. Nothobranchius guentheri ni wa Unguja. Dume ana rangi kali. Jike ni wa kijivu. Mvua zikijaza dimbwi, mayai yaliyofukiwa kwenye tope tangu msimu uliopita huanguliwa, na maisha yote hupita kabla ya maji kukauka. Nothobranchius furzeri wa Zimbabwe na Msumbiji amepimwa akikomaa kwa wiki mbili tu tangu kuanguliwa, na hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kukomaa upesi hivyo. Yai hustahimili kiangazi kwa kusimamisha ukuaji wake. Mengine huendelea kulala hata mvua za kwanza zikinyesha, na hivyo mvua ya uongo haiwezi kuumaliza uzao wote. Kwa kuwa samaki huyu huzeeka ndani ya miezi michache, maabara nyingi humtumia kuchunguza uzee. Dimbwi likifukiwa ili kujenga au kulima, spishi nzima inaweza kupotea.

Uvuvi wa dagaa wa maziwa makubwa hutegemea giza na taa. Mchana dagaa hushuka kwenye kina, usiku hupanda, na mwanga huwakusanya. Kwenye Tanganyika wavuvi wa kale waliwasha mienge na kuchota kwa lusenga, wavu wenye mpini mrefu. Miaka ya 1950 zilienea karabai na kipe, yaani mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu mkubwa unaoshushwa kati yake na kuinuliwa samaki wakishakusanyika. Sasa taa za sola zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya karabai. Mbalamwezi ikikomaa, taa haivuti, na mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa. Hapo samaki nao hupata nafasi, bila sheria yoyote kuandikwa.

Kilo moja ya dagaa mkavu hutokana na kilo tatu hadi nne za dagaa mbichi, na katika ukaushaji ndimo hasara kubwa hutokea. Dagaa aliyetandazwa mchangani hukauka na mchanga wake. Aliyeanikwa kwenye chanja hupata hewa juu na chini, hukauka upesi na hubaki safi. Masika huharibu mavuno mengi, na shehena iliyolowa huishia kuwa chakula cha kuku. Hasara hiyo inaumiza mara mbili, kwa kuwa dagaa huliwa mzima, kichwa, mifupa na maini, na kwa hiyo humpa mtoto kalisi, chuma, zinki na vitamini A ambavyo minofu ya samaki mkubwa haina kwa kiwango hicho. Chanja hugharimu miti na vipande vya wavu mkuukuu; kuzieneza kwenye mialo yote kungeongeza chakula bila kuongeza hata mtumbwi mmoja.

Kanuni za uvuvi zimeanza kufuata tofauti za maziwa. Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kati ya Aprili na Julai. Tanzania ilifunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka. Ziwa hilo lakini lina tatizo ambalo kufunga peke yake hakutibu. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kaskazini na kuinua maji yenye rutuba upande wa kusini. Kadiri maji ya juu yanavyopata joto, ndivyo yanavyozidi kukataa kuchanganyika na ya chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea ya majini ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, upungufu unaoweza kushusha mavuno ya samaki kwa takriban asilimia 30. Tabaka za matope zilizochunguzwa na kuchapishwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza. Muda wa kufunga na ukubwa wa macho ya nyavu vinapaswa basi kupangwa kwa kupima rutuba ya maji kila mwaka, na kwa takwimu zinazomhesabu Stolothrissa mbali na lumbo tangu siku samaki wanapopokewa mwaloni.