Umoja Haukaririwi

Nimerudi kwenye jambo lilelile, na nitalirudia mpaka likome, maana bado nalisikia: mtoto wa gredi ya pili anakataa kuketi dawati moja na mwenzake, ati nyanya alisema hao si watu wetu. Kufunga kamba za viatu bado kunamshinda, lakini kabila la jirani analijua!

Jambo hilo kalitoa wapi? Nyumbani kwenu, mzazi. Habari za siasa zinasomwa, unatupa tusi moja, unaendelea na ugali wako. Mtoto ameshalidaka. Mnasema ni mzaha? Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini humu, na kabla ya mapanga kulikuwa na maneno. Kuna Wakenya walioitwa madoadoa, yaani watu wa kabila jingine wasiotakiwa mahali hapo.

Nawe mwalimu, mtaala wa umilisi umeutaja umoja katika maadili yake. Ukauandika ubaoni, darasa likauimba, kengele ikalia. Huko uwanjani wakaanza kubaguana. Umefunza nini hapo?

Wape kazi ya mikono. Sisi wa Ukambani tunaujua mwethya: leo tunachimba matuta kwa huyu, kesho kwa yule. Basi wafanyie watoto mwethya wao. Wawili wawili, mche mmoja wa kumwagilia, mtungi mmoja, na maji ya hapa kwetu Makindu si ya kuchezea. Mmoja asipotokea, mwenzake ataubeba mtungi peke yake, na atajua anamhitaji nani. Wabadilishe kila juma, tena uwapange wewe. Ukiwaacha wachaguane, kila mmoja atakimbilia wa kwao.

Na lile hekalu la Singasinga la hapa Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, lililojengwa 1926? Msafiri wa dini yoyote huvua viatu, akafunika kichwa, akala bure, dereva wa lori pamoja na tajiri. Msiwapeleke watoto kula na kupiga picha tu! Ombeni ruhusa wagawe chapati, waoshe sahani. Nasikia wengine mnanung'unika kwamba ile ni dini ya wenyewe. Kuosha sahani hakumbadilishi mtu dini.

Mzazi akija shuleni akifoka kwa nini mwanawe amepangwa na yule, usibishane naye, mwalimu. Mwite na mzazi wa yule mwingine, uwape mtungi, waende kuchota.