Kyaghanda mjini: Wanande wa Lubero na utambulisho wao ugenini

(Mada kwa semina ya wazazi, walimu na vijana, Musienene)



Ni nyumba chache hapa Musienene zisizo na mtu wao mjini: Butembo, Goma, Bunia, Kisangani, wengine Kampala. Milima ya Lubero imejaa watu na mashamba yamegawanywa hadi yakawa vipande. Biashara nayo imewavuta Wanande mbali tangu zamani. Kisha vita. Mauaji ya Beni yaliyoanza Oktoba 2014, na Kanyabayonga kutwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Juni 2024, yamewahamisha hata wale ambao hawakuwahi kuwaza kuhama. Swali nililopewa ni hili: huko waendako, wanabakije Wayira, kama sisi Wanande tunavyojiita pia?

Wengi hujibu kwamba ni kwa ngoma na mavazi ya sherehe. Sikubaliani nao. Kinachowashika watu mjini ni wajibu. Kyaghanda cha asili kilikuwa kibanda cha wanaume, chenye moto katikati, ambamo wazee walikaa jioni na vijana wakasikiliza: nani ni wa ukoo gani, shamba linaishia wapi, ugomvi unamalizwaje. Mjini jina hilo limechukuliwa na chama cha jamii yetu, Kyaghanda Yira. Moto hakuna. Kuna mkutano, kuna daftari la michango, na kuna mweka hazina anayesoma kwa sauti nani ametoa na nani bado. Ukipatwa na msiba ndipo utajua thamani ya daftari hilo.

Wajibu mwingine ni mahari, ambayo bado huhesabiwa kwa mbuzi, ingawa siku hizi mbuzi wengi ni wa dola na hakuna aliyewahi kuwaona wakila majani.

Hazina kubwa zaidi ni majina. Ukisikia Mumbere, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo, unajua huyo mvulana ni wa ngapi kuzaliwa. Kwa wasichana kuna Masika, Kavira, Kavugho. Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo mwaka 1972, sisi hatukuhangaika kutafuta mengine. Vuka mpaka wa Uganda hadi Kasese, kwa ndugu zetu Wakonzo, utakuta Bwambale, Masereka, Kule, Thembo, Biira na Kabugho. Mgeni kutoka Butembo akitaja jina lake tu, anapewa kiti. Lakini mbali na kwao desturi hii inapinda. Karatasi za ofisi hutaka jina la baba, basi binti wa kwanza anaandikwa Kambale, na Masika wake anabaki kinywani mwa bibi. Ulaya ndiyo kabisa.

Pengo linalonitia hofu ni lugha. Wanikaragua waliohamia San José, Kosta Rika, hukutana katika bustani ya La Merced na husherehekea La Purísima, sikukuu yao ya Bikira Maria, kila Desemba, lakini wao na wenyeji wao wote husema Kihispania. Sisi hatuna bahati hiyo. Goma ni Kiswahili, Kinshasa ni Lingala, Kampala ni Luganda, na shuleni ni Kifaransa au Kiingereza. Mtoto wa Goma anaelewa Kinande bibi anapomgombeza; akijibu, anajibu kwa Kiswahili. (Nami nawahutubia kwa Kiswahili, naona mnacheka.) Mikutano mingi ya mjini ni ya watu wazima, watoto huletwa kunywa soda.

Kwa hiyo naiomba semina hii jambo moja. Wenye ndugu katika vyama vya mjini wapeleke pendekezo kwamba kabla daftari la michango halijafunguliwa, saa nzima iwe ya watoto, pamoja na mzee mmoja na Kinande kitupu. Na likizo kubwa ikifika, njia zikiwa salama, waleteni watoto hapa wavune maharagwe na bibi zao. Sisi tuliobaki huku tusiwasemeshe Kiswahili.