Mizani Haipimi Mafuta

Ukipanda kutoka Embu mjini kuelekea Kianjokoma, ni nadra kukuta shamba la kahawa au majani chai lisilo na makadamia mpakani. Mti huu asili yake ni Australia, na mlowezi Bob Harries ndiye aliyeuleta Thika mwaka 1946. Baadaye watafiti walichagua miti bora katika mashamba ya wakulima na kuipa majina ya kwao: KRG-15 ya Kirinyaga, MRG-20 ya Murang'a, KMB-3 ya Kiambu, na ya hapa kwetu, EMB-1.

Sasa miche inasafiri. Trans Nzoia wanapanda, Bungoma wanapanda, Uasin Gishu vilevile. Na swali kwenye kitalu ni lilelile: mti utazaa kilo ngapi? Sijasikia wengi wakiuliza utatoa mafuta kiasi gani, ilhali mafuta ndiyo mali yenyewe.

Kiini kizuri cha makadamia kina mafuta asilimia 72 au zaidi. Kikiwa kimekauka sawasawa, ukikitia kwenye maji kinaelea. Kichanga huzama, kwa kuwa mafuta yake ni kidogo na sukari ni nyingi. Ukikikaanga, sukari ile inaungua, kinageuka hudhurungi na kuwa kichungu. Mnunuzi wa Japani au Marekani halipii uchungu.

Mambo yanayoamua mafuta ni matatu. Kwanza ni ukoo wa mti. Makadamia yenye ganda laini na majani matatu kwenye kila pingili kwa kawaida huwa na mafuta mengi kuliko jamaa yake wa ganda la mikwaruzo na majani manne, ambaye ana sukari zaidi. Pili ni joto. Jua likizidi wakati kiini kinajaa, mafuta hupungua, kwa hiyo aina iliyochaguliwa kwenye miteremko ya baridi ya Mlima Kenya haina dhamana ya kufanya vilevile bondeni. Anayekuuzia mche bila jina, akikwambia tu ni "wa kisasa", mwache nao.

La tatu ndilo linalotuumiza hapa Kianjokoma: kuvuna mapema. Mafuta huingia katika miezi ya mwisho mwisho ya tunda. Pasua ganda la kijani uangalie upande wa ndani. Ukiwa mweupe, bado. Ukiwa wa kahawia, limekomaa. Kila mama mwenye mti anajua hilo. Lakini pia anajua kwamba wezi hawangoji kahawia, na broka akifika na pesa mkononi wakati karo inadaiwa, fimbo inapanda mtini. Serikali hufunga msimu kila mwaka, lakini tumbo halifungwi kwa tangazo.

Mwaka 2009 tulipiga marufuku kuuza nje makadamia yenye maganda, na mwishoni mwa 2023 mlango ukafunguliwa kwa mwaka mmoja, baada ya bei kuporomoka vibaya. Tulibishana sana kuhusu nani anunue. Kilo ikabaki kilo, mbivu kwa mbichi.

Mimi nasema hivi. Mizani ikilipa uzito peke yake, aliyengoja tunda lidondoke lenyewe ni mjinga, na aliyepiga fimbo ni mwerevu. Wakulima hawa hawa wanapeleka majani chai kiwandani na wanajua mtindo wa malipo mawili: ya mwezi, halafu bonasi. Makadamia yanaweza kulipwa hivyo. Konzi chache zitolewe kwenye kila gunia mbele ya mwenyewe, zipasuliwe, zikaushwe, zitiwe majini. Siku ya kupima alipwe ya kwanza. Matokeo ya maji yakitoka, asilimia ya vilivyoelea iandikwe kwenye risiti yake, na bonasi ifuate hapo.