Moyo mzima, mwenyewe mgonjwa

Ndugu msikilizaji, wiki hii nilikuwa nimekuandalia mazungumzo juu ya bei ya vitunguu. Nimeyaweka kando, vitunguu vitangoja. Leo nataka kukueleza habari za mtu mmoja ambaye sauti yake umeizoea, maana ndiyo hii unayoisikia sasa hivi.

Mwaka juzi, mwezi wa Machi, nilikuwa nimekaa studio hapa Dar es Salaam nikingoja kusoma taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Ghafla moyo ukaanza kunidunda kama mtu anayetwanga kisamvu. Viganja vililowa jasho na huku kiyoyozi kinavuma, na maandishi yakawa yananicheza machoni. Nilisoma hivyo hivyo mpaka mwisho. Wasikilizaji hawakutambua jambo, isipokuwa bwana mmoja wa Mbagala aliyepiga simu kuuliza kama nina mafua. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi muda wa dakika ishirini, nikiwa na hakika kwamba nakufa.

Asubuhi yake nilikwenda hospitali. Nilipimwa damu, nikapimwa umeme wa moyo, nikapigwa na picha. Daktari akasoma majibu akaniambia, "Mzee, moyo wako ni mzima kabisa." Je, unadhani nilifurahi? Hata kidogo. Nilirudi nyumbani nimenuna. Kama moyo ni mzima, basi mimi nina nini? Baada ya wiki tatu hali ile ikanirudia ndani ya daladala, pale Buguruni, nikashuka kabla ya kituo changu na kutembea kwa miguu mpaka nyumbani Tabata. Mara ya tatu ilikuwa katikati ya kikao cha wahariri.

Mama yangu mzazi, alipopata habari, alisema maneno ambayo mama yeyote wa kwetu angeyasema: "Mwanangu, huko kazini wamekutupia jicho." Mchungaji wetu aliniombea, nami namshukuru, kwani usiku ule nililala. Hata hivyo daktari mwingine, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Aliweka kalamu chini akasema, "Hebu niambie, kazini kwako kukoje?"

Kazini, msikilizaji, kulikuwa hivi. Nilipoanza kazi hii, msomaji alisoma, mwandishi aliandika, na fundi mitambo alishughulika na mitambo yake. Siku hizi mtu mmoja ndiye anayefuatilia habari, anairekodi, anaihariri, anaisoma, kisha anaipiga picha na kuituma mitandaoni, na saa sita ya usiku simu inalia: mkubwa ameuliza jambo kwenye kundi la kazini, na asiyejibu anahesabiwa. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Kila ifikapo Novemba watu wanaanza kutembea kwa vidole.

Lakini si kazi peke yake. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, na niliipata kwa jasho. Vijana wanaoingia sasa wana shahada, wengine mbili. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunidharau, ni mimi niliyejidharau kwa niaba yao. Nafasi ya mhariri mkuu ilipotangazwa sikuomba. Nikisifiwa, nilidhani nafanyiwa dhihaka. Nikikosea jina la kijiji kimoja, nilikuwa nalala na kijiji hicho kichwani wiki nzima. Mke wangu aliniambia siku moja, "Baba Neema, siku hizi unaomba radhi hata kwa mlango."

Yule daktari akaniandikia karatasi niende kumwona mtaalamu wa saikolojia. Karatasi ile niliikunja nikaiweka kwenye pochi, ikakaa humo miezi miwili. Unajua sababu. Kwetu sisi ukitaja tiba ya akili, mtu anaitaja Mirembe ya Dodoma huku anacheka, kana kwamba hospitali ile, ambayo imehudumia wagonjwa tangu enzi za Mwingereza, ni kichekesho. Nami katika kipindi cha asubuhi nimewahi kuitania hivyo hivyo mbele ya wasikilizaji. Leo naona aibu.

Hatimaye nilikwenda. Kazini niliaga kwamba nakwenda kwa daktari wa meno. Nikamkuta binti wa miaka kama thelathini, akasimama akanipa shikamoo. Nikajisemea moyoni, mtoto huyu ndiye nitakayemweleza yangu? Siku ya kwanza nilimhoji mimi badala ya yeye kunihoji: amesoma wapi, lini, kwa nini. Alijibu yote kwa utulivu, kisha akaniambia, "Kaka, umemaliza kipindi chako. Naomba na mimi nianze changu."

Hakunilaza kwenye kochi kama tunavyoona kwenye sinema, wala hakunipa vidonge. Wapo wanaohitaji dawa, na hao huandikiwa na daktari wa magonjwa ya akili. Mimi alinipa kazi ya shule. Nilinunua daftari la kurasa arobaini na nane. Kila hofu inaponishika niandike mambo manne: ilikuwa saa ngapi na wapi, wazo gani lilinijia, ushahidi gani unaliunga mkono wazo hilo, na ushahidi gani unalipinga. Njia hii ilianzishwa na daktari wa Kimarekani, Aaron Beck, huko Philadelphia miaka ya 1960, aliyegundua kwamba wagonjwa wake walikuwa na mawazo ya kujishutumu yanayopita kichwani upesi upesi bila wao kuyachunguza. Beck alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka mia moja.

Daftari lile lilinichekesha, kisha likaniumiza. Mimi ni mwandishi wa habari. Siwezi kutangaza kwamba daraja limevunjika kwa kuwa tu mtu mmoja amenong'ona. Nitapiga simu kwa mkuu wa wilaya, nitamtafuta shahidi wa pili. Lakini kichwani mwangu ilikuwa ikitangazwa kila siku habari kwamba mimi ni bure, kwamba mwaka huu nitafukuzwa, kwamba vijana wananicheka, na sikuwa nimewahi kuuliza habari hiyo imethibitishwa na nani. Nilipotafuta mashahidi sikupata hata mmoja. Nilichopata ni mkataba uliotiwa saini upya mara kumi na moja.

Tena alinieleza kwamba moyo kudunda si ugonjwa mpya, ni mwili unaojiandaa kukimbia. Babu zetu walikimbia chui, mapigo yakapanda, chui akaondoka, mapigo yakashuka. Chui wa siku hizi yumo mfukoni, analia kila dakika kumi, wala haondoki. Akanifundisha kupumua polepole, pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, na kubaki mahali hofu iliponikuta badala ya kukimbia. Kule kushuka Buguruni kumbe ndiko kulikokuwa kunailisha hofu. Niliambiwa nipande daladala ile ile, nikae mpaka mwisho. Ilinichukua safari tano.

Nilikwenda mara nane, na sitaki kukudanganya kwamba nilitoka humo nikiwa mtu mpya. Kiasi kikubwa cha wasiwasi kimepungua, kingine kipo, nakijua sura. Na jambo moja binti yule alikataa kulitibu. Nilipomlalamikia habari za ujumbe wa saa sita ya usiku, alisema, "Kaka, mwajiri wako hayumo kwenye chumba hiki." Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2019, lilipoandika katika orodha yake ya magonjwa ile hali ya mtu kuchoshwa na kazi mpaka akaishiwa, halikuiita ugonjwa. Liliiweka kama jambo litokanalo na kazi. Basi wenye makampuni wasije wakadhani wameshamaliza wajibu wao kwa kumleta mtaalamu siku moja kwa mwaka, atoe semina, watu wapewe soda, na mikataba ibaki vile vile ya kutembelea vidole.

Swali la gharama nalo si dogo. Bima yangu ililipia vipimo vyote vya moyo ambao hauumwi. Mazungumzo yaliyonisaidia nililipa mfukoni, shilingi elfu hamsini kila mara. Ni wangapi Manzese au Gongo la Mboto wanaoweza? Hapo ndipo ninapowatazama jirani zetu wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza Harare, katika mtaa wa Mbare, na kina bibi kumi na wanne. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu kulipanga tatizo lake hatua kwa hatua, wakakaa naye kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakutumia majina ya kitabuni. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wao yalichapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache kwa mbali kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mabenchi hayo yamefika Malawi na hata Zanzibar. Kina bibi tunao, na mti wa kuweka benchi chini yake hatujakosa.

Mtu asinielewe vibaya. Kifua kikibana, kwanza nenda kapime moyo, kama nilivyofanya. Na kama mawazo yamefika mahali pa kutaka kufa, hilo si jambo la daftari wala la kungoja miezi miwili kwenye pochi. Ni la kwenda hospitali leo, pamoja na mtu unayemwamini.

Wiki mbili zilizopita nilimaliza zamu nikawa nakusanya karatasi zangu. Kijana mmoja, mwenye shahada zake mbili, hodari ambaye nilikuwa nikimwogopa, alisimama mlangoni muda mrefu bila kusema. Mikono alikuwa ameificha mfukoni. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Shikamoo kaka. Yule daktari wako wa meno, anapatikana siku gani?"

Nikamwandikia namba.