Leseni Yako Iko Wapi?
Kariakoo, Mtaa wa Kongo, hukosi wa kukwambia pesa zako uziweke wapi. Mimi huwauliza: leseni iko wapi? Sheria ya mwaka 1994 inamtaka mshauri wa uwekezaji awe nayo, kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Wengi hucheka. Wamesahau DECI, watu walivyoambiwa "wapande mbegu", hadi Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009!

Kusoma nako si kisingizio. Siku hizi mtu husoma kwa intaneti bila kufunga duka. Angalau ajue mpaka. Kusema hisa hupanda na kushuka, huo ni ushauri wa jumla. Kumwambia mama lishe auze kiwanja anunue hisa, bila kumwuliza ana watoto wangapi shuleni, hapo mpaka umekwisha kuvukwa.